Charles Babbage (1791–1871)
Mtahiniwa wa Nachingwea au Ruangwa, unaujua mradi wa karanga wa Waingereza, uliokula fedha ukaachwa mwaka 1951. Zaidi ya karne moja kabla, serikali ya Uingereza ilimwachia njiani Charles Babbage. Alichoshwa na makosa katika majedwali ya hesabu, akaanza kuunda mashine ya kukokotoa kwa magurudumu yenye meno. Baada ya kutoa pauni 17,000 hivi, serikali ilijitoa mwaka 1842. Wakati huo alikwisha kubuni nyingine (usizichanganye!) ya kufuata maelekezo ya kadi zenye matundu, yenye sehemu ya kuhifadhi namba na sehemu ya kukokotoa, kama kompyuta ya leo. Alifariki bila kukamilisha hata moja. Mwaka 1991 mafundi wa London waliunda mashine kwa michoro yake. Ilifanya kazi.