Charles Kettering na Cheche ya Gari

Injini ya petroli haiwaki bila cheche. Huenda umemwona fundi hapa Karagwe au Kyerwa akisugua platini za Land Rover ya zamani kwa msasa. Mfumo huo wa cheche huitwa kwa jina la Charles Kettering.

Kettering alizaliwa mwaka 1876 katika familia ya wakulima, Ohio, Marekani. Macho yake yalikuwa mabovu, akalazimika kukatiza masomo. Alifanya kazi ya kusimika nguzo za simu. Hakukata tamaa. Alirudi chuoni, akahitimu mwaka 1904.

Mchana alikwenda kazini mjini Dayton. Jioni yeye na wenzake walifanya majaribio ghalani kwa rafiki yake, Edward Deeds. Mwaka 1909 kampuni ya Cadillac ilikubali mfumo wao wa cheche. Kisha akatengeneza stata ya umeme, ikawekwa katika Cadillac za mwaka 1912. Kabla ya hapo madereva walizungusha injini kwa hendeli, na wengine walivunjika mikono. Kettering alifariki mwaka 1958.

Platini ni vijichuma viwili. Vikiachana, koili hutoa umeme mkali, na cheche huruka kwenye plagi. Lakini huungua na kulika. Tangu miaka ya 1970 viwanda vingi viliweka mfumo wa elektroniki usio na platini. Huo hausuguliwi. Lakini ukiharibika njiani, msasa hautakusaidia.

Maswali
1. Kettering alishindaje shida ya macho?
2. Gari unalolijua lina mfumo upi?