Bibi Salme na Mfupa wa Ngamia

Wasomaji wangu, kila mmoja wenu anayo kalamu, na daftari, na mwalimu aliyewekwa kwa kazi hiyo. Na hata hivyo wako kati yetu wanaonung'unika ya kuwa kuandika ni kazi nzito. Basi sikilizeni habari za msichana mmoja wa Unguja, binti wa mfalme, ambaye hakunyimwa nguo wala dhahabu, ila alinyimwa kalamu.

Jina lake aliitwa Salme binti Said. Alizaliwa tarehe 30 Agosti 1844 katika jumba la Mtoni, lililo ufukoni, kadiri ya maili tatu kaskazini ya mji wa Unguja. Baba yake alikuwa Seyyid Said bin Sultan, aliyetawala Omani na Unguja pamoja. Mama yake, Jilfidan, alikuwa mtu wa nchi ya Circassia iliyo mbali sana upande wa kaskazini, naye alitekwa vitani angali mtoto mdogo. Jumba la Mtoni lilikuwa na watu wengi kama mji, na uani mwake walitembea tausi na paa na mbuni, hata watoto wakipita kwenda kuoga iliwapasa kujihadhari. Leo limebaki magofu.

Salme alipopata umri wa miaka saba alihamia mjini pamoja na mama yake, wakakaa katika nyumba ya ndugu yake Majid. Majid alimpenda sana, akamfundisha kupanda farasi na kulenga shabaha kwa bunduki. Baada ya miaka miwili wakahamia nyumba nyingine, Bet el Tani, iliyokuwa karibu na jumba la Sultani la Bet el Sahel, pale pwani ya mji.

Watoto wa Sultani walikuwa na chuo chao. Waliketi juu ya mkeka katika baraza iliyo wazi, wavulana na wasichana pamoja, kila mtu na msahafu wake, na mwalimu wao alikuwa bibi mmoja aliyeletwa kutoka Omani. Bibi huyu alikuwa na henzirani ya mwanzi, wala hakuiweka kuwa pambo. Wote walisoma kwa sauti, wakikariri mpaka maneno yawakae moyoni. Lakini mambo yalikuwa hivi: wavulana walifundishwa kusoma na kuandika, na wasichana walifundishwa kusoma tu. Watu wa zamani zile waliona ya kuwa kuandika hakumpasi mwanamke.

Hasara ya desturi ile ilikuwa kubwa. Bibi wa jumbani akitaka kumpelekea nduguye barua, ilimlazimu kumwambia mtumwa wake maneno yake yote. Naye mtumwa alikwenda mjini kumtafuta mwandishi, akamweleza kama alivyokumbuka. Na mwandishi akaandika kama alivyopenda. Barua ilipofika, mara nyingi haikuwa tena na maneno ya yule bibi. Fikirini wenyewe jinsi ilivyo vigumu kumtaka mtu radhi, au kumpa pole ya msiba, kwa njia ya vinywa viwili visivyo vyako.

Salme akakusudia kujifunza. Hakuwa na mwalimu, wala hakuthubutu kumwomba mtu yeyote, kwa hiyo alitumia vitu vilivyokuwapo karibu naye. Alichukua msahafu aliokuwa akiusoma kila siku, akautumia kuwa kielelezo. Akatafuta mfupa wa bega la ngamia, ambao siku zile ndio uliokuwa kibao cha wanafunzi wa Unguja. Maana ni mpana na mweupe, na wino wake ukioshwa kwa maji hutoka, mtu akaanza tena. Akaketi mahali pa siri, akaitazama herufi, akaiiga. Akaosha, akaiiga tena. Herufi za Kiarabu hubadilika umbo zikiwa mwanzo wa neno, katikati au mwisho, nanyi mliokwisha kujaribu mnajua jinsi zinavyomchanganya mtu. Lakini alikuwa na jambo moja la kumsaidia: maneno yale alikwisha kuyajua kwa kusoma, hivyo jicho lilijua tayari, na kazi iliyobaki ilikuwa ya mkono.

Mimi katika miaka ya kufundisha kwangu nimewaona wanafunzi wa namna mbili. Wako wanaokaa usiku kucha na vitabu wiki ya mtihani, na wako wanaosoma kidogo kila siku, hata siku isiyo na mtihani. Hawa wa pili wakati wa kazi hauonekani kuwa mkubwa, lakini hawasahau. Salme alikuwa wa hawa. Asingaliweza kukaa mchana mzima na mfupa wake, maana angaligunduliwa. Ilimpasa kuiba nafasi ndogo ndogo.

Alipoona mkono wake unafuata, alitambua pia ya kuwa kuiga peke yake hakutoshi. Mtu ajifunzaye bila kusahihishwa huweza kuzoea kosa mpaka likawa kama tabia yake. Basi akamchagua mmoja wa watumwa waliojua kuandika, awe mwalimu wake wa mwandiko. Nami napenda mlitazame jambo hili vema: mtu yule hakuwa na amri hata juu ya nafsi yake, naye ndiye aliyemwongoza mkono binti wa Sultani.

Mwisho siri ikafunuka. Jumba zima likamsengenya, wakamlaumu sana. Yeye hakujali, akaendelea kuandika.

Tarehe 19 Oktoba 1856 baba yake alifariki baharini, alipokuwa akirudi kutoka Omani, na Majid akawa mtawala wa Unguja. Mwaka 1859 mama yake naye akafa kwa kipindupindu. Mwaka ule ule ndugu mwingine, Barghash, alitaka kumnyang'anya Majid utawala, na Khole, dada aliyependwa mno na Salme, akamvuta Salme upande wa Barghash. Sasa ule ujuzi wa siri ulitafutwa. Msichana wa miaka 15 akawa karani wa waasi. Yeye ndiye aliyewaandikia wakubwa barua, na kuagiza bunduki na baruti. Nyumba ya Barghash ilipozingirwa, dada zake walimtoa usiku amevikwa nguo za kike, akaenda kwenye shamba la Marseille walikojenga ngome. Mwezi wa Oktoba wakashindwa, kwa sababu Waingereza walimsaidia Majid. Watu wengi walikufa, na Barghash akapelekwa Bombay. Majid hakumwadhibu dada yake, naye Salme akaenda kukaa shambani Kizimbani, kisha Bububu, akijutia barua zake. Alijifunza kuandika kwa bidii iliyo njema, na kazi kubwa ya kwanza ya kalamu yake ilikuwa kumpinga ndugu aliyemlea.

Baadaye akarudi mjini, akapendana na mfanyabiashara Mdachi, yaani Mjerumani, Rudolph Heinrich Ruete. Mwaka 1866 aliondoka Unguja usiku katika manowari ya Kiingereza, akaenda Aden, na huko mwaka 1867 akabatizwa, akaolewa, akaitwa Emily Ruete. Wakaenda kukaa Hamburg. Lugha ya nchi ile hakuijua, basi akawa mwanafunzi tena, mtu mzima mwenye watoto. Mwaka 1870 mumewe aliumizwa na gari la reli la mjini, akafa, akamwachia watoto watatu wadogo. Fedha zikapotea, na urithi wake wa Unguja hakuupata. Ndipo akajipatia riziki kwa kuwafundisha watu Kiarabu. Mwaka 1886 kitabu chake cha habari za maisha yake kilichapishwa, nacho alikiandika kwa Kidachi. Habari za chuo, na za mfupa wa ngamia, tumezipata humo.

Alirudi Unguja mara mbili tu, mwaka 1885 na mwaka 1888. Mwaka 1885 Barghash, ambaye alikuwa Sultani kwa miaka mingi, hakukubali kumwona. Akakaa Beirut miaka mingi, kisha akarudi Ujerumani, akafa katika mji wa Jena tarehe 29 Februari 1924, akiwa na miaka 79. Miaka mitatu baada ya kufa kwake, yaani 1927, serikali ilifungua mjini Unguja shule yake ya kwanza ya wasichana.

Alizikwa Hamburg karibu na mumewe. Katika vitu alivyoviacha ulionekana mfuko mdogo wenye mchanga, aliouchukua katika pwani ya Unguja, nao wakamzika nao.