Vesalius, tabibu aliyeshuka kitini na kushika kisu

MWAKA 1536, nje ya kuta za mji wa Louvain, katika Ubelgiji ya leo, kijana wa miaka 21 aliona mifupa ya mhalifu ikining'inia kwenye mti wa kunyongea. Ndege walikwishamaliza nyama. Akisaidiwa na rafiki yake, Gemma Frisius, alipanda, akavuta mikono na miguu, akavisafirisha nyumbani kwa siri. Kiwiliwili kilikuwa kimefungwa kwa mnyororo. Ili akipate alikubali kufungiwa nje ya malango ya mji usiku kucha.

Kijana huyo ni Andreas Vesalius, aliyezaliwa Brussels Desemba 31, 1514, mtoto wa mtengeneza dawa wa Kaisari Charles wa Tano. Alisoma Louvain na Paris, na mwishoni mwa mwaka 1537 akatunukiwa udaktari huko Padua, Italia, ambako mara moja alipewa kazi ya kufundisha upasuaji.

Desturi ya wakati ule ilikuwa mhadhiri kuketi kwenye kiti kirefu akisoma maandiko ya Galen, tabibu wa Kigiriki wa karne ya pili, huku kinyozi akikata maiti chini yake. Aliyesoma hakugusa, aliyegusa hakusoma. Vesalius alishuka, akashika kisu mwenyewe. Jaji mmoja wa Padua akawa anampatia maiti za walionyongwa.

Ndipo ilipodhihirika kwamba Galen alikuwa amepasua kima na wanyama wengine, si binadamu. Galen alifundisha kwamba mfupa utokao begani hadi kwenye kiwiko unazidiwa urefu na mfupa wa paja tu. Vesalius aliulinganisha na mfupa wa muundi, akaona kuwa muundi ni mrefu zaidi. Kosa lenyewe ni dogo, lakini lilidumu zaidi ya miaka 1,300, nalo halikuhitaji chombo chochote kuligundua ila kamba ya kupimia.

Kitabu chake kikuu, chenye sehemu saba na picha zaidi ya 200, kilichapishwa Basel, Uswisi, mwaka 1543. Katika picha yake iliyomo humo, Vesalius ameshika mkono wa maiti uliochunwa kuanzia kwenye kiwiko. Angeweza kuchagua moyo au ubongo. Alichagua kano za kigasha, zinazoonyesha kwamba misuli mikubwa ya kukunja vidole haimo vidoleni bali karibu na kiwiko; msomaji akikunja ngumi ataihisi ikijikaza. Uteuzi huo haukuwa wa bahati, kwa kuwa katika dibaji alilalamika kwamba matabibu waliacha kazi ya mikono, wakawaachia vinyozi.

Upinzani mkali ulitoka kwa mwalimu wake wa Paris, Jacobus Sylvius, ambaye mwaka 1551 alimwita mwendawazimu. Sylvius alishikilia kwamba Galen hakukosea. Miili ya watu ndiyo iliyobadilika tangu enzi zake!

Vesalius aliacha ualimu, akawa tabibu wa Kaisari Charles na baadaye wa Mfalme Philip wa Pili wa Hispania. Mwaka 1564 alikwenda kuhiji Yerusalemu. Akiwa njiani kurejea alifariki katika kisiwa cha Zakynthos, Ugiriki, akiwa na umri wa miaka 49. Mahali hasa lilipo kaburi lake hapajulikani.