Askofu Steere na Kijiji cha Masasi

Zamani huko Ulaya watawa walijenga nyumba zao milimani, na kijiji kikakua kando yake. Hapa kwetu pwani ya Cabo Delgado hatuna cha namna hiyo. Cha karibu ni Masasi, ng'ambo ya mto Ruvuma, chini ya milima ya mawe. Aliyekianzisha kijiji cha misheni pale ni Edward Steere.

Alizaliwa London mwaka 1828, akasoma sheria kabla ya kuwa padre. Mwaka 1864 alifika Unguja pamoja na Askofu Tozer, akajifunza Kiswahili hata akakitungia kitabu cha sarufi. Mwaka 1874 akawa askofu. Kanisa la Mkunazini, palipokuwa soko la watumwa, lilijengwa chini ya macho yake.

Lakini habari ninayoipenda ni ya mwaka 1876. Alichukua watu waliookolewa utumwani, wakashuka Lindi, nia yake kufika nchi ya Wayao. Walipofika Masasi wakaona ardhi nzuri, wakakataa kwenda mbele. Askofu akawasikiliza. Kwangu mimi jambo hili lapita vitabu vyake vyote: watu waliozoea kuamriwa walijichagulia kwao. Wakajenga, wakalima.

Steere alifariki Unguja mwezi wa Agosti, 1882. Mwezi uliofuata Wamagwangwara walikishambulia kijiji, wakachukua mateka. Baadhi ya waliosalia wakahamia Newala. Baadaye Masasi ilirudiwa, na leo ni mji.