Mwalimu Aliyeuheshimu Udongo

Wapo Wakristo wasomao katika kitabu cha Mwanzo kwamba mwanadamu alipewa kuitawala nchi, wakaishia hapo. Husahau mlango wa pili, ambapo Adamu anawekwa bustanini ailime na kuitunza. George Washington Carver wa Marekani hakusahau.

Carver alizaliwa mtumwa huko Missouri, yapata mwaka wa 1864. Akingali mchanga, alitekwa nyara pamoja na mamaye. Yeye akarudishwa, mama hakuonekana tena. Alikua akitangatanga kutafuta elimu. Chuo kimoja cha Kansas kilimkubali kwa barua, kisha kikamkataa kilipoiona rangi ya ngozi yake. Hakukata tamaa. Mwaka wa 1896 alipata shahada ya uzamili huko Iowa, na mwaka uo huo Booker T. Washington akamwita kufundisha kilimo Tuskegee, Alabama.

Huko alikuta mashamba yaliyochoka. Pamba ilikuwa imepandwa mwaka baada ya mwaka hadi rutuba ikaisha, naye mkulima mweusi, ambaye mara nyingi shamba halikuwa lake, alizama katika madeni. Carver alihimiza kubadilisha mazao: kunde na njugu karanga, ambazo huirudishia ardhi naitrojeni, pamoja na viazi vitamu. Asiyeweza kununua mbolea alionyeshwa jinsi majani ya msituni na matope ya kinamasi yanavyogeuka mboji. Kuanzia mwaka wa 1906, gari la kukokotwa na wanyama lilipeleka mafunzo hayo vijijini.

Jumapili aliwafundisha wanafunzi Biblia. Kwake, hayo hayakuwa mambo mawili. Aliandika kwamba mtu aweza kuukosea udongo kama anavyomkosea jirani. Alipofariki tarehe 5 Januari 1943, akiba yake alikuwa ameiachia kazi ya utafiti hapo Tuskegee.

Katika shule zetu, mwalimu wa Kilimo na mwalimu wa Dini huketi katika chumba kimoja cha walimu, ila masomo yao hayajuani. Mmoja hufundisha mmomonyoko wa udongo, mwingine hufundisha uumbaji, na mwanafunzi huvikariri vyote kwa ajili ya mtihani. Carver aliyakutanisha masomo hayo shambani. Nasi tukitaka kuyakutanisha, twaweza kuanza na lundo moja la mboji nyuma ya darasa.