Jimmie Rodgers, Mwimbaji wa Reli

Katika kurasa hizi tumezoea kusimulia maisha ya maaskofu na wamisionari, na safari hii huenda baadhi yenu mkatushangaa. Mtu tunayemweleza hakuwa mtakatifu wala mwalimu wa dini. Alikuwa Mmarekani, mfanyakazi wa reli, mpiga gitaa na mgonjwa wa kifua kikuu. Alikufa mwaka 1933 akiwa na umri wa miaka 35, wala hakukanyaga Afrika hata siku moja. Hata hivyo Wakipsigis wa Kericho walimtungia wimbo, wakamwita Chemirocha. Jina lake hasa ni Jimmie Rodgers.

Alizaliwa tarehe 8 Septemba 1897, na kwao kulikuwa Meridian, katika jimbo la Mississippi, kusini mwa Marekani. Mama yake alifariki yeye akiwa bado mtoto mdogo. Baba yake, Mzee Aaron, alikuwa mnyapara wa kikosi cha kutengeneza njia ya reli, kazi ya kuhamahama, kwa hiyo mtoto alilelewa huku na huku kwa jamaa. Kabla hajatimiza miaka 14 alikwisha kutoroka nyumbani na kufuatana na kundi la wauza dawa, wale waliokuwa wakizunguka mijini na kuvuta watu kwa nyimbo na michezo. Baba akamrudisha, akamtia katika kazi ya reli. Kazi ya kwanza ilikuwa kuwapelekea vibarua maji ya kunywa.

Hapa tusimame kidogo. Wengi wa vibarua wale walikuwa watu weusi, wana na wajukuu wa watumwa. Walisukuma vyuma na kupiga nyundo kwa kufuata wimbo, mmoja akianzisha na wenzake wakiitikia, kama wafanyavyo wavuvi wetu wanapovuta juya. Kijana mwenye ndoo ya maji alisikiliza. Kwao alijifunza namna ya kuimba iitwayo blues, ambamo huzuni na mzaha hukaa pamoja. Baadaye muziki huo ulimpatia sifa na fedha, lakini wale waliomfundisha hawakupata hata senti, wala majina yao hayakuandikwa popote. Hatusemi hivi ili kumchafua marehemu. Tunasema kwa kuwa ni kweli, na kwa kuwa mara nyingi hadithi yake husimuliwa kana kwamba alizaliwa na nyimbo zile kinywani.

Alipokua akawa mtu wa breki katika treni za mizigo, kazi ya juani na mvuani, mchana na usiku. Ndoa yake ya kwanza ilivunjika upesi, na miaka mingi baadaye mahakama ilimwamuru atoe fedha za kumtunza binti aliyezaliwa na mke yule. Mwaka 1920 alimwoa Carrie Williamson, binti wa mchungaji wa Kimethodisti. Walizaa mabinti wawili, na wa pili, June, alifariki mwaka 1923 akiwa mchanga. Jimmie alikuwa mbali na nyumbani, mfukoni hana kitu.

Mwaka uliofuata alianza kutema damu. Madaktari wakasema ni kifua kikuu. Ndugu msomaji, leo mgonjwa hupewa vidonge, akivimeza kwa muda wa miezi iliyowekwa anapona. Mwaka 1924 dawa hiyo haikuwapo duniani. Streptomycin haikugunduliwa mpaka mwaka 1943. Mgonjwa aliambiwa apumzike, ale vizuri, avute hewa safi ya milimani. Mambo hayo matatu yanataka fedha, na mtu asiye na kazi atazipata wapi? Reli haikumfaa tena. Kilichobaki ni gitaa, na sauti iliyotoka katika mapafu yale yale yaliyokuwa yakioza.

Mwaka 1927 alikuwa Asheville, katika milima ya North Carolina, mji uliosifiwa kwa hewa yake. Huko aliimba katika redio pamoja na vijana wachache. Wakasikia kwamba bwana mmoja aitwaye Ralph Peer amefika Bristol, mpakani mwa Tennessee na Virginia, anatafuta waimbaji kwa ajili ya kampuni ya santuri ya Victor. Wakaenda. Lakini usiku wa kuamkia siku ya kuimba waligombana juu ya jina gani liandikwe kwenye santuri, wenzake wakamwacha. Basi tarehe 4 Agosti 1927 Jimmie Rodgers aliingia peke yake na gitaa lake, akaimba nyimbo mbili, akalipwa dola 100.

Santuri hiyo haikuuzwa sana. Wengine wangerudi nyumbani kungoja barua. Yeye, kwa kujua kwamba siku zake si nyingi, alisafiri mpaka New York kumtafuta Peer, akamshawishi amrekodi tena. Mwezi wa Novemba, huko Camden, New Jersey, aliimba ule wimbo wa Blue Yodel. Ndani yake alichanganya blues ya vibarua na mtindo wa yodeli, ambao mwimbaji huirusha sauti ghafla kutoka kifuani mpaka juu kabisa na kuirudisha. Ulinunuliwa kwa mamia ya maelfu. Kwa muda mfupi yule mgonjwa aliyekosa fedha za maziko ya mtoto akawa na gari zuri na nyumba kubwa huko Kerrville, Texas, mahali pengine penye hewa ya kufaa wagonjwa wa kifua.

Peer alitaka nyimbo mpya kila mara, kwa sababu malipo ya mtunzi yalikuwa katika nyimbo zisizosajiliwa na mtu mwingine. Rodgers hakujua kusoma muziki. Aliyemsaidia alikuwa shemeji yake, Elsie McWilliams, mpiga piano wa kanisani. Mama huyu alitunga au kutunga pamoja naye nyimbo nyingi, na katika baadhi yake hakutaka jina lake liandikwe. Wale kati yetu tuliofundishwa kwamba gitaa ni chombo cha kilabuni tu, na tulifikirie hilo.

Mwaka 1930, huko Los Angeles, alirekodi pamoja na Louis Armstrong, mpiga tarumbeta mweusi, wakati weusi na weupe walikuwa hawakai hata kwenye behewa moja kule kusini. Jina la Armstrong halikuchapishwa kwenye santuri. Mwaka 1931 Rodgers alizunguka na mchekeshaji Will Rogers, wasiyekuwa na undugu, kuchangisha fedha za Msalaba Mwekundu kwa watu walioumizwa na ukame. Na mwaka ule ule ukatoka wimbo ambao sisi twauona kuwa wa ujasiri kuliko zote, T.B. Blues, alioutaja ugonjwa wake waziwazi. Siku hizo kifua kikuu kilifichwa. Familia zilisema fulani ana mafua au amechoka. Yeye aliuimbia umma kwamba anakufa, na akaweka mzaha ndani yake.

Fedha zilikwisha upesi. Hali ngumu ya uchumi ilipunguza wanunuzi, madaktari walidai chao, naye, lazima tuseme, hakujua kuweka akiba. Nyumba ya Kerrville ikabidi iachwe. Mwezi wa Mei 1933 alikwenda New York na muuguzi ili aimbe nyimbo za mwisho na kuiachia familia kitu. Kitanda kiliwekwa karibu. Alilala kati ya wimbo na wimbo, kisha akainuka tena. Siku ya mwisho, tarehe 24, aliimba nyimbo nne. Tarehe 26 alifariki katika chumba cha hoteli, na mwili wake ukarudishwa Meridian kwa treni.

Santuri zake ziliendelea kusafiri bila yeye. Baadhi zilifika Kericho, na watu waliosikia sauti ile ikitoka sandukuni walijiuliza ni kiumbe gani. Mwaka 1950 Hugh Tracey, aliyekuwa akirekodi nyimbo za Afrika, aliwarekodi wasichana wa Kipsigis wa Kapkatet wakiimba kwa kinubi juu ya Chemirocha. Alielezwa kwamba huyo ni nusu mtu na nusu paa. Katika wimbo wao wasichana wanamhimiza mgeni aruke katika ngoma, aruke kwa nguvu hata nguo zimtoke mwilini.