Daktari Hattie Alexander na Homa ya Uti wa Mgongo

Kama nyumbani kwenu kuna mtu aliyekwenda Hijja, muulize kuhusu ile sindano ya homa ya uti wa mgongo. Mwaka 1987 maradhi haya yaliwazukia mahujaji, na mwaka 2000 yakarudi kwa aina nyingine. Sindano twaijua, lakini watu waliopigana na homa hii hatuwajui. Leo tumtazame mmoja wao, mwanamke wa Kimarekani.

Hattie Elizabeth Alexander alizaliwa mjini Baltimore mwaka 1901, mtoto wa pili kati ya wanane. Alipokuwa chuoni Goucher hakuna aliyemdhania makubwa. Moyo wake ulikuwa kwenye michezo, na kwenye mitihani alikuwa akipata C. (Wale wanaochekwa nyumbani kwa sababu ya matokeo, msikie hapo.) Alimaliza mwaka 1923, akafanya kazi ya maabara ya bakteria kwa miaka 3 huku akiweka akiba ya karo, kisha akaingia Johns Hopkins kusomea udaktari. Huko ndiko alikong'ara, akahitimu mwaka 1930.

Akiwa daktari mchanga katika wodi za watoto alikutana na kilichomshika maisha yake yote. Kuna kijidudu kiitwacho Haemophilus influenzae aina b, kwa mkato Hib. Jina lake ni la kimakosa, manake zamani walidhani ati ndicho kinacholeta mafua makali. Kikiingia kwenye utando unaofunika ubongo na uti wa mgongo, mtoto huchemka homa, hutapika, shingo ikakakamaa, akashikwa na degedege. Miaka hiyo karibu kila mtoto aliyepatwa nacho alikufa. Hebu fikiria daktari anamtazama mama usoni na hana la kumwambia.

Alexander alihamia Babies Hospital, New York. Wakati huo walikuwa wakijaribu kinga iliyotolewa kwenye damu ya farasi, na haikufaa kitu. Akapata habari kwamba wenzake waliokuwa wakitibu kichomi wanatumia sungura badala ya farasi, naye akaamua kujaribu. Akishirikiana na mkemia Michael Heidelberger, aliwadunga sungura vijidudu vya Hib, miili yao ikatengeneza protini za kupigana navyo, kisha akazitoa kwenye damu na kuwapa watoto wagonjwa. Mwaka 1939 alitangaza kwamba watoto wanapona. Baadaye akachanganya kinga hiyo na dawa za salfa, na ugonjwa uliokuwa hukumu ya kifo ukawa wengi wanatoka nao hai.

Hakukaa akasherehekea. Streptomaisini ilipokuja katika miaka ya 1940, aliona jambo ambalo wengi hawakuliona: vijidudu vingine havifi kwa dawa, na vizazi vyao vinarithi ugumu huo. Akazama kwenye elimu ya jeni wakati bado ilikuwa changa. Mwaka 1964 akawa mwanamke wa kwanza kuongoza chama cha American Pediatric Society. Alifariki Juni 1968, akiwa na miaka 67.

Alichowaachia wengine ni swali: kwa nini tungoje mtoto augue? Ugumu ulikuwa huu. Hib imejivika koti la sukari, na mwili wa mtoto wa chini ya miaka 2 haulitambui vizuri koti hilo kama adui. Chanjo ya kwanza, iliyotengenezwa kwa sukari hiyo peke yake, iliruhusiwa Marekani mwaka 1985, na haikuwakinga wachanga, ambao ndio hasa wanaouawa. Basi wataalamu wakaifunga sukari ile kwenye protini, kwa mfano sumu ya pepopunda iliyoondolewa makali. Mwili wa mtoto unaijua protini haraka, na ukishaikamata hujifunza na sukari iliyobebwa nayo. Chanjo ya namna hiyo ilianza kutumika mwaka 1987.

Kenya iliianza mwishoni mwa mwaka 2001, ndani ya sindano moja pamoja na chanjo za dondakoo, pepopunda, kifaduro na homa ya ini aina B, mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14. Watafiti walikuwa wakihesabu wagonjwa pale hospitali ya Kilifi tangu kabla ya chanjo kuanza. Ndani ya takriban miaka 3 maradhi ya Hib kwa watoto wa chini ya miaka 5 yalikuwa yamepungua kwa asilimia 88.